Ndizi za Mama Asukile

Nimechoka, jamani. Baba yangu, Mzee Danieli, nilimfuata mwenyewe kijijini Nyololo, anapata choo cheusi cha damu tangu Pasaka, miguu haimbebi. Daktari bingwa alikuwa anakuja Mbeya siku moja tu. Angepitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi tumboni, aukate kwa waya uvimbe uliokuwa ukivuja damu humo, bila kisu wala mshono. Sharti lilikuwa moja: tangu jana yake saa nne usiku, mgonjwa asile kitu.

Tukalala Iyunga kwa mama mkwe wangu, Mama Asukile. Baba nilimnong'oneza lile sharti. Mama mkwe sikumwambia. Ningeanzaje? "Mama, baba yangu asile chakula chako"? Si angeona tunamshuku sumu! Maneno hayo huku yanavunja ndoa. Nikanyamaza, mjinga mimi.

Asubuhi nikaenda kuoga. Kurudi, namkuta baba na sahani tupu.

"Ndizi mbili tu, mwanangu," akaniambia njiani. "Mkwe wako ameamka alfajiri, amepiga magoti na sahani. Ningemkatalia kwa uso gani? Wewe usiseme."

Hospitalini nesi akamuuliza, "Mzee, umekula?"

"Sijala tangu jana," akajibu, macho chini.

Nesi akaandika. Akatueleza kwamba mgonjwa akilala kwa dawa na tumbo lina chakula, kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu, akafa palepale. Nikamshika nesi mkono.

"Amekula, dada. Ndizi, saa kumi na mbili."

Daktari alisikitika kweli, lakini saa nane anaondoka, kabla tumbo halijawa tupu. Turudi baada ya miezi miwili. Miezi miwili, na damu inavuja! Baba akageukia ukutani, hakutaka hata kuniona. Nililia bila aibu.

Saa sita akatokea Mama Asukile na hotipoti, anahema.

"Ameshatoka?"

Nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamwambia yote, hata lile la sumu. Akakaa kwenye benchi, hotipoti mapajani, asiifungue.

"Miaka tisa unakula kwangu, Faustina," akasema mwishowe. "Ungeniambia tu, nisingewasha hata jiko."