Sanduku la Herufi Yenye Kofia

Usiku wa jana niliota, na naapa sijaongeza hata neno. Kama kuna nilichofanya, nimepunguza.

Mchana nilibishana na mke wangu, Wairimũ. Nilikuwa natengeneza programu ya kuchapa kadi za miaka arobaini ya ndoa yetu, na kila herufi nimeipa nafasi nyembamba, baiti moja, nisije nikaijaza kompyuta bure. Akasema jina lake halitatoshea, ile ũ yenye kofia yahitaji nafasi pana. Tukawekeana dau: atakayeshindwa atapika chapati za sherehe, mia mbili. Jioni nikachapa kadi moja. Ikatoka “Wairim?”. Nikaificha chini ya mto, nikalala.

Basi niko posta, nyuma ya kaunta ileile niliyoiacha nilipostaafu. Masanduku ukutani yana upana wa kidole. Herufi zimepanga foleni, kila mmoja na ufunguo wake. W anajibana, anaingia. Wenzake wanafuata. Wa mwisho ni ũ, na kofia yake ya mawimbi.

“Vua kofia,” namwambia.

“Nilizaliwa nayo, mzee.”

Miaka thelathini na mmoja nilikunja bahasha kubwa zikaingia masanduku madogo. Namkunja. Nusu inaingia namba 114, nusu 115, na kila nusu inaniuliza nyingine iko wapi.

Alama ya kuuliza anatoka stoo amebeba godoro. “Asiyetosha, mimi hulala mahali pake,” anasema. “Kwa huyu mama nitakaa miaka arobaini mingine.”

Anaanza kutandika, ndani ya jina la mke wangu. Roho inaniuma.

“Toka! Leteni masanduku mapana!”

Ukuta unatanuka mpaka jikoni kwetu. Herufi i analalamika kuwa chumba kina mwangwi.

“Utazoea.”

Namtoa ũ 114, namtoa 115, namuunganisha. Anaingia na kofia yake, ananyoosha miguu. Nampigia muhuri.

Nikaamka. Wairimũ amesimama kando ya kitanda na ile kadi. Imeandikwa “Wairimũ”, kofia na yote, wino bado mbichi kama wa muhuri wa ndotoni.

Nikaona mwanya. “Si nilikwambia, Mama Nyokabi? Nyembamba imetosha.”

“Naona, Baba Nyokabi. Haya, chapa nyingine nikiangalia.”

Mashine ikanguruma. “Wairim?”.

Alinifunga leso kiunoni, taratibu, kama anavyonifunga tai siku za harusi, akanisogezea unga.

Programu sasa ni pana, na kadi zimetoka safi. Zimebaki chapati mia moja arobaini na saba.