Kelele Hazikuzidi Kiwango

Jibu lililetwa Jumatatu asubuhi, likiwa na mihuri mitatu na karatasi ya vipimo iliyobanwa nyuma kwa pini. Idara ya Mazingira ilipenda kuijulisha Tume ya Jiji ya Haki na Usalama wa Wanawake kwamba malalamiko thelathini na moja ya usumbufu katika soko kuu yameshughulikiwa kikamilifu. Maofisa wawili walifika sokoni na mashine. Walisimama kwenye ujia wa kuelekea vyoo vya wanawake, wakapima asubuhi, wakapima na mchana, na kelele hazikuzidi kiwango. Faili limefungwa. Idara inawashukuru akina mama kwa ushirikiano wao.

Mwenyekiti wa Tume aliisoma barua hiyo mara mbili. Akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha kicheko kikakatika.

"Mukhtasari," aliita. "Hebu njoo, ndugu yangu. Uje na faili la soko."

Mukhtasari ndivyo ofisi nzima ilivyomwita karani wa Tume, na mwenyewe hakuchukia hata kidogo. Miaka ishirini na saba ya kuandika kumbukumbu katika ofisi za jiji ilikuwa imemfundisha kukamua maneno. Mpe hotuba ya saa nzima, atakurudishia mistari minne, na hakuna kilichokosekana, au angalau ndivyo alivyoamini. Alipohamishwa kutoka Idara ya Ardhi kuja kwenye Tume, wenzake walimtania kwamba amepelekwa jikoni. Alicheka nao, lakini lilimchoma. Akaapa moyoni kuwaonyesha akina mama hao kazi ya karani aliyeiva.

Sasa alisimama mbele ya meza akiisoma barua ya kelele, na kila mstari ukawa unamshusha mabega. Alifungua faili. Ushahidi wa kwanza: *Mlalamikaji alieleza usumbufu.* Wa pili: *Mlalamikaji alieleza usumbufu.* Wa tatu, wa nne, mpaka wa thelathini na moja, neno ni lile lile, kwa mwandiko wake mzuri. Watu wa masjala hawakuwa na kosa. Kwao usumbufu ni jenereta, mbwa wa jirani na mashine ya kusaga inayounguruma alfajiri. Walilipeleka faili unakopelekwa usumbufu.

"Ni neno sanifu, Mwenyekiti," alisema, na akajisikia mjinga hata kabla hajamaliza. "Limo kwenye kamusi."

"Najua limo. Na kwenye matangazo ya maji limo pia. Wanatukatia maji wiki nzima, halafu wanatuomba radhi kwa usumbufu." Mwenyekiti aliikunja ile barua. "Nikuulize kitu kimoja tu. Uliwasomea?"

Karani aliangalia viatu vyake. Kanuni ya Tume ilikuwa ukurasa wa kwanza wa mwongozo, na Mwenyekiti aliiandika kwa mkono wake: hakuna mwanamke atakayetia sahihi wala dole gumba kabla hajasomewa maneno yake mwenyewe, akayakubali. Yeye aliiona kuwa mapambo. Alikuwa akiwasogezea karatasi na kuwaambia, weka sahihi hapa, mama, asante, aje mwingine.

"Foleni ilikuwa ndefu," alijibu.

Angegombezwa, angejua la kufanya. Aliwahi kugombezwa na wakurugenzi wanne kwa nyakati tofauti, na wote wamestaafu, yeye bado yupo. Lakini Mwenyekiti hakuwa mtu wa kugombeza. Kabla ya kupewa Tume hii, wakati ingali chumba kimoja na kabati lisilofungika, alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita. Hakuwa na sauti kubwa wala cheo cha kutisha. Alichokuwa nacho ni masikio. Mwanamke akija na shida, Mwenyekiti alitoka nyuma ya meza, akasogeza kiti, wakaketi goti kwa goti, na hapo hata simu ya Meya ingelia mpaka ichoke. Karani alikuwa ameyaona hayo mwaka mzima na kuyahesabu kuwa ni kupoteza muda.

"Leo Jumatatu," alisema Mwenyekiti. "Alhamisi Baraza la Madiwani linapitisha ramani ya ukarabati wa soko. Wiki ijayo mkandarasi anamwaga zege. Tumeomba mlango mmoja tu, mlango mmoja upande wa barabara, ili wanawake wafike chooni bila kupita kwenye ujia wa mizigo. Zege likishakauka bila mlango, ni nani atakayelivunja? Wajukuu zetu watapita pale pale." Akasimama, akachukua mkoba. "Beba kalamu, bwana. Mbili, moja isije ikakuishia."

Ushuhuda wa kwanza ulikuwa wa fundi cherehani aliyefanyia kazi chini ya ngazi za soko, mahali ambapo cherehani na kiti vikishaingia, mteja husimama nje. Alimtambua karani, akaondoa vitambaa kwenye ndoo akaigeuza ili akae. Mwenyekiti alijikalia kwenye kreti tupu la soda bila kungoja kukaribishwa. Karani alifungua faili, akakohoa, akasoma.

"'Mlalamikaji, fundi cherehani, alieleza usumbufu katika ujia wa kuelekea msalani, na kuomba hatua zichukuliwe.'"

Fundi alingoja. "Endelea."

"Ndiyo yote, mama."

"Yote?" Aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio. "Huyo mlalamikaji ni nani? Mbona anaonekana mtu mwenye raha zake? Mimi nilikaa kwenye kile kiti chenu nusu saa nzima, kaka yangu. Nililia mbele yako. Machozi yangu umeyaweka wapi?"

Jamani, kuna maswali ambayo mtu hata akiwa na kamusi tano hana pa kuyashika. Karani aliona aibu, aibu ya kweli. Aliichomoa ile karatasi yenye mstari wake mmoja, akaichana vipande viwili, akachukua karatasi mpya.

"Nisamehe, mama. Tuanze upya. Sema nami nitaandika."

"Utaandika ninavyosema?"

"Unavyosema."

"Basi usiniite mlalamikaji. Andika *mimi*. Mimi ndiye niliyepita pale."

Akaandika *mimi*. Mkono wake haukuwa umeandika neno hilo kazini kwa miaka ishirini na saba, na uliliandika kwa kusitasita.

Fundi alisema taratibu, akiitazama kalamu ya karani. Ujia una hatua arobaini na mbili, amezihesabu. Wabeba mizigo hukaa juu ya magunia pande zote mbili, na mwanamke akipita katikati kila mmoja ana haki yake: huyu kiuno, huyu titi, yule wa mwisho anaziba njia mpaka umguse ndipo akupishe. Wao wanaita ushuru. Lipa ushuru, mama. Dada, hujalipa ushuru. Kwa hiyo tangu saa kumi na mbili asubuhi yeye hanywi maji, asije akahitaji kwenda. Amelazwa mara mbili kwa figo. Daktari akamwambia anywe lita mbili kwa siku, akamjibu, daktari, hizo lita mbili utanisindikiza wewe?

Kwenye neno titi kalamu ya karani ilisimama. Alianza kuandika *sehemu za*, akatazama pembeni.

"Mficha uchi hazai," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Andika, ndugu yangu. Yeye ameweza kulisema."

Akaandika.

"Na kuna siku," fundi aliendelea, "joto lilikuwa kali, nikataka kutunga uzi kwenye sindano. Nikauweka mdomoni niuloweshe. Mate hayakuwepo. Mdomo wote mkavu. Nikamwomba mteja anilambie uzi wangu." Alicheka kidogo, kisha akamnyooshea kidole. "Hilo la uzi usije ukalikata."

"Silikati."

Alipomaliza, karani alimsomea yote tangu mwanzo. Fundi alisikiliza huku amefumba macho, akiitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi, na mara mbili akamsahihisha. Mwishoni alivuta pumzi ndefu. "Eeh," alisema. "Huyo sasa ndiye mimi." Akatia sahihi kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

Siku tatu walizunguka hivyo, kutoka meza ya vitunguu mpaka kibanda cha chai, na Mwenyekiti hakumharakisha mtu hata mmoja. Mteja akija, walinyamaza mpaka ahudumiwe. Mama mmoja aliyejiapiza kwamba hana la kuongeza, Mwenyekiti alimsaidia kumenya njegere, wakamenya bakuli zima bila kusema kitu, na bakuli lilipojaa yule mama akaanza kuzungumza mwenyewe. Karani aliyaona hayo akatamani kuvua kofia. Huyu mwanamke alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, magoti yanamsumbua, na katika mji huu hapakuwa na mtu aliyeijua kazi yake kumzidi.

Jumanne mchana, alipokuwa akingoja karibu na magunia, karani alisikia kwa masikio yake: "Ushuru, dada!" na kicheko baada yake. Ukimya wa yule dada ndio uliomshtua, jinsi alivyoinamisha kichwa akaongeza hatua. Yeye alikuwa akinunua viazi pale pale kila Jumamosi, miaka nenda miaka rudi. Neno hilo alilisikia mara ngapi? Siku zote alidhani ni ushuru wa soko. Usiku huo mkewe alimwuliza mbona chakula hakimpiti, na yeye, bingwa wa kufupisha, alishindwa kumwambia kwa ufupi.

Alhamisi saa tatu ukumbi wa Baraza ulijaa. Hoja ya mlango ilikuwa ya nne, na Tume ilipewa dakika kumi. Kabla karani hajasimama, Diwani Mkongwe aliomba nafasi. Huyu alikuwa mwanamke pekee katika safu ya mbele, amekaa vipindi vinne, na kila mtu ukumbini alijua kwamba mkono wake unapoinuka ndipo nusu ya mikono inapoinuka.

"Mheshimiwa Meya, mimi soko hilo nalijua," alisema, akijipepea kwa karatasi za ajenda. "Nilikuwa nauza nyanya pale kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Vyoo vilikuwa pale pale, ujia ni ule ule. Tulipita, na tuko hai. Tusivunje ukuta kwa sababu ya watu kudeka."

Makofi yakapigwa hapa na pale. Mwenyekiti wa Tume hakugeuza hata shingo. Alimtazama karani wake, akamwashiria kwa kope: nenda.

Karani alisimama na karatasi zake. Alikuwa na upara, sharubu nene na sauti ya kusomea sheria. "'Mimi ni fundi cherehani,'" alisoma. "'Nina miaka arobaini na minne. Mimi ni mama wa watoto watatu.'"

Lo! Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. "Hongera, dada!" alipaza sauti diwani mmoja wa nyuma. "Na sharubu umezipata kwa mzazi gani?" Hata mpiga picha aliweka kamera chini acheke vizuri. Masikio ya karani yaliwaka moto. Angeweza kukimbilia kwenye *mlalamikaji alieleza*, mlango huo ulikuwa wazi na aliuzoea. Badala yake alingoja kicheko kipungue, kisha akarudia kwa sauti ile ile. Mimi ni fundi cherehani.

Akasoma hatua arobaini na mbili. Akasoma kiuno, akasoma titi bila kupunguza sauti. Alipofika kwenye ushuru, wale wa nyuma walikuwa wameshanyamaza. Alipofika kwenye uzi, hapakuwa na anayepekua karatasi. Akageuza ukurasa. Mimi ni muuza vitunguu. Akageuza. Mimi nina miaka kumi na sita, mama alinituma sukari. Akageuza. Mimi ni mjane, na wawili kati ya wale wabeba mizigo ni watoto wa dada yangu.

Dakika kumi ziliisha akiwa kwenye ushahidi wa tisa. Meya aliinua nyundo yake, akaishika hewani.

"Karani, bado ni nyingi?"

"Ishirini na mbili, Mheshimiwa."

"Huna mukhtasari?"

"Sina, Mheshimiwa."

Meya alitazama saa ya ukutani, akatazama madiwani. "Basi tupige kura. Wanaoafiki—"

"Mheshimiwa Meya." Ilikuwa sauti ya Diwani Mkongwe. Hakuwa akijipepea tena. Zile karatasi za ajenda zilikuwa zimekunjamana mkononi mwake. Alisimama kwa kushika ukingo wa meza, na Meya akateremsha nyundo bila kuigonga. "Naomba kwanza tusipige kura."

Diwani hakumtazama Meya, wala hakumtazama Mwenyekiti wa Tume, ambaye alikuwa amekwisha kuinuka na kusogeza kiti kimoja kitupu karibu na cha kwake. Alimtazama karani.

"Una karatasi nyingine?"

"Ninayo, mama."

"Basi niandike. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Karani aliinama akaandika, na Diwani akamngoja amalize, kama mtu anayengoja mwenziwe avuke njia. Kisha akaendelea, polepole, kwa sauti ambayo wapiga kura wake hawakuwahi kuisikia.

"Nilikuwa nimebeba tenga la nyanya kichwani," alisema. "Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu."