Kanzu Chini ya Pikapu

Timotheo hakuja Mbeya kuchezewa. Alitoka Kihesa na fedha za mahindi ya mavuno manne, mkewe Evarista amezishonea ndani ya koti lake kwa mkono wake mwenyewe na kumsindikiza kwa neno moja: "Ukituletea mkweche, magunia yatarudi kubebwa kichwani, na kichwa cha kwanza ni chako."

Basi alipochungulia pikapu ya Mzee Zubery, mfanyabiashara wa mchele, akaona saa ya maili inasoma themanini na saba elfu, moyo ulitulia. Rangi imepauka, ni kweli, lakini milango ilifungwa kwa kidole kimoja.

"Hiyo saa imeshazunguka mara moja," akasema Mzee Zubery. "Ongeza laki."

Timotheo akamkodolea macho. Nani alimuuliza? Muuzaji gani anaharibu biashara yake kwa mdomo wake?

"Laki na themanini na saba elfu, mzee? Hii gari au jini?"

"Gari. Miaka tisa nimebeba mchele wa Chimala mpaka Iringa, kila wiki, kwenda na kurudi. Ngoja nikuoneshe."

Ilikuwa Ijumaa, mzee ametoka msikitini, kanzu nyeupe pe. Akawasha injini, akajilaza chali kwenye nyasi, akajisukuma uvunguni na kanzu yake hiyo hiyo. Timotheo alidhani mzee wa watu amerukwa na akili.

"Kila Ijumaa hufanya hivyo," alisema Bi Rukia, mke wa mzee, akiwa mlangoni. "Zamani nilimgombeza. Siku hizi natafuta madoa tu, na siyapati."

Mzee akatoka, akakung'uta nyasi. Timotheo alikuwa ameshaanza kufumua bitana ya koti. Bi Rukia akamzunguka mumewe nyuma.

"Baba Chiku, bega la kushoto. Tone."

Lilikuwa dogo kama punje ya dengu. Mzee Zubery akavuta kitambaa mbele, akakisogeza mpaka kikakaribia kugusa jicho, halafu akakinusa. Oili.

"Zamani tone nililiona kabla halijadondoka," akasema. "Ndiyo maana naiuza." Akazima injini. "Leo haiuzwi."

"Mzee, fedha hizi hapa. Tone moja tu."

"Hapa tone. Ukifika Igawa kikombe. Halafu mkeo atanitaja mimi."

Timotheo alikasirika, tena sana, maana hakuwa na pa kulala. Wakamlaza kwao. Usiku mzima hakuvua koti.

Asubuhi mzee alivaa ovaroli, akamwita aingie naye uvunguni awe macho yake. Gasketi ya chini ya injini ilikuwa imechoka pembeni. Mzee akakata nyingine, akaifunga kwa kupapasa, na kila nati aliyoikaza aliifuta kwa kitambaa. Timotheo aliyeendesha malori jeshini alikuwa hajawahi kuona chuma kikitunzwa hivyo. Hasira zikamwisha, akabaki anamhusudu.

"Rukia, lete kanzu ya pili," mzee akasema walipomaliza.

"Hapana mzee. Zamu yangu."

Timotheo akavua koti, fedha zikiwa humo humo, akampa Bi Rukia alishike. Akatoa kwenye mfuko shati lake jeupe la kanisani, akalivaa, akajilaza chini ya injini iliyokuwa inanguruma. Akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipotoka, Bi Rukia alimkagua mgongo. Mzee naye akampitisha kiganja mabegani, akanusa kiganja, akatoa ufunguo.

"Chukua, mwanangu."

Jumapili, Kihesa, Evarista alizisoma zile namba, mikono kiunoni.

"Ongeza laki," Timotheo akasema, na kabla mkewe hajapata pumzi ya kumjibu, akaingia uvunguni na shati lile lile. Alipotoka, Evarista alimgeuza akatafuta doa mpaka kwenye pindo. Mume akamsimulia yote.

Evarista akauliza, "Sasa huyo mzee, Ijumaa atalala chini ya nini?"

Siku ya Jumatano Timotheo alipakia magunia yake ya kwanza. Soko la Iringa lilikuwa pale pale karibu, lakini yeye akashika njia ya Mbeya, aiwahi Ijumaa ya mzee.