Salamu Maria Kumi kwa Turbo

Muhindo hakuzima gari lake kabla ya kumaliza Salamu Maria kumi. Si kwamba alikuwa mcha Mungu kuliko wengine. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, ili aweze kuliona gari. Sala zile zilikuwa za turbo, kile kipuliza hewa cha injini.

Gari lenyewe lilikuwa jeep ya dizeli iliyozeekea mikononi mwa watu wengine kabla ya kumfikia yeye, na juu ya kioo cha mbele ilikuwa imeandikwa Sainte Rita, mtakatifu wa mambo yaliyoshindikana. Alibeba humo chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia kutoka Masisi, akashuka navyo Walikale hadi pale barabara ya kwenda machimbo ya Omate inapokata tamaa. Huko ndiko turbo yake ya kwanza ilikomfia. Alilala ndani ya gari, kati ya wachimba madini, hadi nyingine ilipoletwa kwa pikipiki kutoka Goma, imefungwa katika blanketi kama mtoto mchanga. Fundi aliyeifunga kwenye injini alimweleza kosa lake. Turbo inazunguka kwenye moto mkali, na mafuta ya injini ndiyo yanayoipoza. Ukipanda mlima kisha ukazima ghafla, mafuta yanasimama palepale, yanaungua, yanakuwa masizi, na siku moja turbo inakwama. Iache injini ingurume kidogo kwanza. Muhindo aliuliza kidogo ni kiasi gani. Fundi hakuwa na saa, lakini alikuwa Mkatoliki, akamwambia fungu moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi.

Tangu siku hiyo Muhindo akawa mtu wa kuzuia uharibifu kabla haujaja. Alibadilisha mafuta kabla hayajawa meusi, alikung'uta vumbi la filta ya hewa kila jioni, asubuhi hakuondoka mpaka injini ipate joto, na kila aliposimama alibaki kwenye usukani akinong'ona. Abiria walizoea, wengine wakaitikia. Shangazi zake kule Butembo walisema ndiyo maana haoi. Ni mwanamke gani, waliuliza, atakubali kuolewa mke wa pili?

Alipatikana. Umuhoza wa Nyamitaba aliuza maziwa, na madumu yake yalipanda jeep kila siku ya soko. Kwao ni Waprotestanti, hawana habari na rozari, lakini alingoja sala ziishe bila kuguna wala kutazama juu. Siku moja, Muhindo akiwa na haraka, Umuhoza alimgeukia na kumwambia, "Leo umeruka moja." Alikuwa amehesabu. Muhindo alirudia ile moja, akazima gari, na moyoni akaamua kuoa.

Kabla ya siku ya kuposa, Umuhoza alimpa onyo. "Ukifika kwetu, uzime gari mara moja. Mama hapendake sauti ya gari yenye kusimama."

Muhindo aliitikia. Alidhani ni kama watu wasiopenda kitunguu. Hata hivyo alipanga mambo vizuri: angesimama chini ya kilima, apoze turbo kwa utulivu, kisha yeye na baba yake mdogo Apollinaire, aliyekuwa msemaji wa posa, wamalizie kwa miguu. Tatizo ni kwamba usiku mvua ilinyesha, na Apollinaire alikuwa amevaa suti ya kijivu.

"Mimi sifike kwa bakwe na matope mpaka mu magoti," alisema, bila kugusa mlango. "Batasema tunakuya kuomba kazi ya kulima. Panda na gari."

Walipanda. Kilima kile kilitaka gia ya kwanza kuanzia chini hadi juu, turbo ikipiga filimbi njia nzima, na walipoingia uani ungeweza kuchemshia chai juu yake. Muhindo alijipa moyo. Desturi inasema mposaji hasemi kitu, msemaji ndiye husema, na salamu za Apollinaire zilikuwa ndefu tangu zamani. Kwa hiyo hakuna aliyemhitaji kwa sasa. Alibaki kwenye usukani, injini ikinguruma, akaanza kunong'ona.

Mzee Kabera, baba wa binti, alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake na fimbo yake ya kuchungia. Alipokea salamu zote, akatazama gari.

"Huyu kijana anakuya ao anaenda?"

"Anakuya, Papa. Iko anapoza turbo."

"Turbo njo nani?"

Apollinaire alikuwa amejiandaa kwa maswali ya ukoo, dini na ng'ombe. Hili lilimkuta mikono mitupu. "Iko ndani ya moteri," alisema.

"Hapa kwetu, muntu wa kuomba binti anazimaka gari," alisema Kabera. "Mwenye kuacha gari inawaka, ao anakimbia, ao anakuya kubeba kitu ya batu."

Muhindo alisikia yote. Alikuwa kwenye Salamu Maria ya tatu. Alijiambia kwamba mzee atapoa pamoja na turbo, maana vyote viwili vilihitaji muda uleule. Hapo ndipo Nyirabahire, mama wa Umuhoza, alipotokea ubavuni mwa nyumba. Alivaa kitenge kizuri cha kupokelea wageni. Kichwani alibeba godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, mkononi sufuria, kwapani Biblia. Hakuuliza kuna nini. Alitazama gari, akatazama barabara kule chini, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi:

"Tunapanda mbele ao nyuma?"

Umuhoza alitoka jikoni mbio. "Mama, hakuna vita. Njo bageni, Mama. Njo bale bageni." Nyirabahire alimsikia, akaitika kwa kichwa, lakini sufuria hakuiweka chini. Injini ilikuwa bado inawaka. Maishani mwake gari lililosimama likinguruma lilikuwa na maana moja tu, kwamba vita viko karibu na dereva hangoji. Mara ya kwanza alichelewa, gari likaondoka bila yeye, akatembea hadi kambi ya wakimbizi ya Kashuga na Umuhoza mgongoni. Hakutaka kuchelewa tena.

Muhindo hakuyajua hayo yote wakati ule, lakini aliona kwamba ile sufuria haishuki. Aliona aibu hadi masikioni. Alikuwa katikati ya Salamu Maria ya sita.

Alizima.

Uwanja ukawa kimya, isipokuwa chuma kilicholialia chini ya boneti. Nyirabahire alisikiliza kidogo, akateremsha godoro. "Haya," alisema. "Basi nilete maziwa."

Posa ilikwenda vizuri, kwa kadiri Muhindo alivyoweza kuifuata, maana nusu ya masikio yake ilikuwa nje. Maziwa yalizunguka, koo zikatajwa, Apollinaire akasifu ng'ombe ambao hakuwa amewaona. Kisha Kabera akavunja desturi na kumgeukia mposaji mwenyewe.

"Mule mu gari ulikuwa unafanya nini?"

Muhindo alieleza: moto, mafuta, masizi, Omate. Kabera alisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Ni kama ng'ombe," alisema mwishowe. "Akipanda kilima mbio, haumukamue palepale. Unaacha pumzi irudi."

"Njo vile, Papa."

"Sasa juu ya nini ulizima?"

"Juu ya Mama," alisema Muhindo.

Kabera alikunywa maziwa yake mpaka yakaisha.

Wakati wa kuondoka, Sainte Rita iliwaka kwa kelele ya msumeno na kutoa moshi wa buluu ulioteremka taratibu hadi kwenye maharage ya jirani. Fundi mkweli angesema turbo ya umri ule haifi kwa kuzimwa vibaya mara moja, kwamba ilikuwa imeshaanza safari yake. Muhindo alijua hivyo, na bado ilimuuma.

"Ile moshi, mulikuya nayo?" aliuliza Kabera.

"Hapana, Papa."

Mzee aliutazama moshi mpaka ukapotea. Kisha akamgeukia Apollinaire. "Murudi," alisema. "Murudi na ng'ombe."

Walirudi baada ya turbo nyingine kufungwa, ng'ombe wakipandishwa kwa miguu na wachungaji, Apollinaire akiwa na suti ileile. Muhindo aliingia uani mkono ukiwa tayari kwenye ufunguo. Alikuwa amekwisha kuamua: kwa mama huyu angenunua turbo maisha yake yote.

"Acha!" Nyirabahire alikuwa amesimama mlangoni. "Umuhoza alinielezea. Maliza salamu zako. Lakini uombe na sauti, nijue kama itaisha."

Alikuja hadi mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti inayotetemeka. Kwa mkono wa pili aliushika mkono wa binti yake, na aliushika kwa nguvu. Muhindo alianza kuomba kwa sauti. Kwenye ya nne mama aligeuza macho barabarani. Kwenye ya sita akayafumba, na jasho likamtoka katika baridi ile ya Nyamitaba. Muhindo hakuweza kumtazama. Aliharakisha, akafika mwisho, akashika ufunguo.

"Umeruka moja," alisema Nyirabahire, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Muhindo aliisema ile moja, polepole, yote. Kisha akazima.

Mama alifumbua macho, akatazama kiganja chake kilichopata moto, akakipangusa kwenye kitenge. "Sasa ingia, mutoto yangu," alisema. Ndani, lile godoro lilikuwa kitandani, limefunguliwa kamba na kutandikwa shuka.