Figo la Dada

Mtaa mzima ulimwita Sibebwi, na jina lilimkaa kama kiatu alichojishonea mwenyewe. Fundi viatu huyu hakukubali kufanyiwa jambo bure. Ukimshikia mwavuli leo, kesho unakuta kandambili zako zimetiwa gundi bila kuomba. Jirani aliyewahi kumsaidia kupandisha sanduku la vifaa alipigiwa viatu rangi mpaka akaanza kumkwepa.

Sasa mafigo yake yote mawili yaligoma. Mara tatu kwa wiki alilala kwenye mashine ya kusafisha damu, na daktari alishamwambia wazi kwamba mashine inamsogezea siku tu. Hawezi kupona bila figo la mtu mwingine. Dada yake mkubwa, fundi cherehani asiyepumzisha mdomo, akaenda kupimwa kimyakimya. Likalingana. Upasuaji ukapangwa Ijumaa, ikabaki saini ya Sibebwi.

Alhamisi akaingia chumbani kwa dada, pale anaposhonea, na gunia begani. Akapanga mezani, juu ya vitambaa, jozi tano za viatu vipya. Alivishona wiki nzima. Akasema hivyo ni vya kuanzia, ataendelea kushona mpaka walingane. Vinginevyo hatii saini.

Dada akajaribu jozi moja, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Akasifu kisigino. Kisha akauliza kama mdogo wake amemwona jongoo, maana kwa miguu miwili atavivaa lini vyote hivyo.

Sibebwi hakucheka.

"Unakatwa kwa ajili yangu, dada. Nitakurudishia nini?"

Dada akasukuma cherehani pembeni.

"Jumapili ukipiga magoti kwenye meza ya Bwana, unapeleka nini?"

Sibebwi akafikiri. "Sipeleki kitu. Nakinga mikono tu."

"Hujawahi kumpelekea Yesu jozi ya viatu?"

"Acha utani, dada."

"Sitanii. Yeye alitoa mwili mzima, na wewe unakula, unafuta mdomo, unarudi nyumbani ukiimba. Mimi natoa kipande, tena nabaki na kingine. Haya nimejifunza palepale, nikiwa nimepiga magoti pembeni yako. Usinizuie. Kinga mikono, mdogo wangu."

Sibebwi aliitazama mikono yake, gundi imekaukia vidoleni, makovu ya sindano kila mahali. Akaikinga. Dada akaweka juu yake fomu na kalamu.

Jumapili, dada alitoka wodi ya wanawake akijikongoja, ameshika ukuta, miguuni viatu vipya. Alimkuta daktari akifungua bandeji ya Sibebwi, akatia jicho. Mishono imepinda kidogo, akasema. Wangemwita yeye, fundi cherehani, ashone mwenyewe. Sibebwi akacheka, kidonda kikamchoma, akacheka zaidi. Dada naye akacheka huku ameshika ubavu. Daktari akawaomba waache jamani, nyuzi zitaachia, kisha akawaonyesha mfuko wa mkojo, umejaa, safi kabisa.

"Hilo figo ni langu," dada akajigamba. "Linapiga kazi kama mwenyewe."

Akaketi kitandani, akamnywesha maji kwa kikombe. Sibebwi akayanywa yote. Jicho lake likaangukia kiatu cha dada, kamba imelegea, na mkono ukaanza kumwasha. Akaurudisha chini ya shuka.

"Ahsante, dada," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaishia hapo.