Mstari Uliokatwa kwenye Kitabu cha Mfungo

Jumamosi asubuhi mama mkwe alikaa jikoni, miwani imemshuka puani, akisoma kitabu alicholetewa na mkwewe, mke wa mwanawe. Kilikuwa kitabu chembamba cha mapishi ya siku za mfungo, kila pishi na aya yake ya Maandiko juu. Mkwewe, mhariri wa jarida la dini, ndiye aliyekiandaa, na wiki hiyo jarida lilikuwa limegawa nakala ishirini bure kwa wasomaji walioandika barua nzuri kuliko wenzao.

"Mwanangu," mama mkwe akaita, "siku hizi maharagwe mekundu yanaliwa mabichi?"

"Wapi, mama?"

"Hapa. Loweka usiku kucha, chuja, saga, tia limau na mafuta. Moto sijauona. Mimi nilipokuwa bi harusi niliwahi kupakua maharagwe hayajaiva, wifi zangu wawili nusura tuwazike. Walitapika mpaka nyongo. Hadi leo wakija kunitembelea wanakuja wameshiba."

Mhariri alicheka, kisha akaja kukitazama kitabu. Aliukumbuka ukurasa ule. Pishi lilikuwa limezidi mstari mmoja, mpiga chapa anamsubiri kwenye simu, naye akafuta mmoja, akijiambia nani asiyejua kwamba maharagwe hupikwa. Mstari wenyewe ulisema: badili maji, chemsha mpaka yaive kabisa.

Alichukua orodha ya washindi, akaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alimwambia kitabu amekiweka sebuleni wageni wakione, kwake mpishi ni mume. Mwingine alikuwa ameshaloweka maharagwe. Akamshukuru, akayabandika jikoni huku simu ikiwa bado sikioni. Kufika saa sita mchana alikuwa amewapata kumi na tisa.

Aliyebaki ni mwalimu mstaafu, mwanamke aliyeishi peke yake. Namba aliyoiandika ilikuwa ya duka la jirani.

"Mwalimu?" alisema mwenye duka. "Tangu juzi sijamtia machoni. Hata jana hakuja kuchukua mkate wake."

Mhariri akaifungua barua ya yule mwalimu. Mwandiko ulikuwa wa ubaoni, herufi zimesimama wima. *Jumanne ijayo naanza mfungo wangu wa siku tatu; nikiumaliza, nitafungua kinywa kwa chakula cha kitabu chenu.* Alihesabu siku kwa vidole. Mfungo ulikuwa umeisha Alhamisi.

Ndani ya teksi alijaribu kuomba, maneno yakamkimbia. Aliyekuwa akiandika dua za watu wengine kila mwezi hakupata hata moja yake. Kilichomjia ni sura ya jeneza, na watu wakiulizana marehemu alikula nini.

Mwenye duka alimwonyesha nyumba. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Alibisha, akaita, kimya. Akazunguka nyuma, akausukuma mlango wa jikoni, na harufu ya limau iliyochanganyika na matapishi ikampokea. Mezani palikuwa na bakuli lililofunikwa sahani, na kando yake kitabu kimefunguliwa, aya imepigiwa mstari kwa penseli.

Mwalimu alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imempasuka, macho yameingia ndani. Mhariri alipiga magoti, akaogopa kumgusa. Kifua kikapanda, kikashuka. Akalichukua bakuli ili aliondoe pale.

"Usimwage," sauti ikakwaruza. "Sijamaliza."

"Mwalimu, hiki ndicho kimekuumiza."

"Nimekirudia mara tatu. Kila mara tumbo linakikataa. Nikajua nina dhambi ambayo sijaitubu."

Mhariri angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akisikia.

"Si dhambi yako," alisema. "Ni mimi. Yalitakiwa kuchemshwa. Nilikata mstari ili pishi litoshe ukurasa."

Mwalimu alimtazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyemtegemea. Kisha akafumba macho, na mhariri akadhani amekufa. Alitoka nje akipiga kelele za kuomba msaada.

Mwenye duka na majirani wakaja, wakamfikisha zahanati. Muuguzi alitafuta mshipa mara nne kabla ya kuupata, akasema mwili umekauka maji kabisa, wangechelewa kidogo, yeye asingekuwa na cha kufanya. Mhariri alikaa kando ya kitanda, macho kwenye matone ya dripu. Kila pumzi ya mgonjwa ilipochelewa, yake nayo ilisimama.

Jua lilikuwa linapungua dirishani mwalimu alipofumbua macho.

"Binti, utaandika kuomba radhi?"

"Nitaandika, Mwalimu."

"Usiseme ni hitilafu ya uchapaji."

Mhariri aliinamisha kichwa. Hayo hasa ndiyo maneno aliyokuwa akiyapanga tangu aketi pale.

"Sema umekata," mwalimu akasema. "Mtu akijua amekosewa na binadamu, hatamwogopa Mungu bure."

Toleo lililofuata lilitoka na maneno hayo ukurasa wa mbele, na jina la mhariri chini yake. Mwalimu alipona, ingawa alikonda sana. Nakala kumi na nane zilirudishwa. Mbili hazikurudi: waliozishinda walikuwa wameshazigawa kwa watu wasiowajua vizuri, na hao nao, ikasemekana, wakawapa watu wengine. Mhariri bado anazitafuta.