Chumba Changu cha Kuelekea Maji

Mwanangu ana kazi nzuri, mke mzuri, na ugonjwa mmoja: anataka kuishi mahali panapoonekana maji. Siyo maji ya bombani, hayo hata mimi ninayo, siku yakipenda kutoka. Anataka maji ya kutazama. Bosi wake anayatazama, jirani wa bosi anayatazama, basi na yeye macho yanamwasha.

Shida ni kwamba upande ule wa mji nyumba hazinunuliwi na watu wa mishahara. Ndipo wakanikumbuka mimi. Nina nyumba ya vyumba vitatu niliyoijenga na marehemu mume wangu, na miaka yote mkwe wangu aliiona ya kizamani. Siku dalali alipotaja ingeuzwa kiasi gani, ghafla ikawa nyumba ya maana.

"Mama, utapumzika," mwanangu akaniambia. "Tunaiuza, tunaongezea, tunahamia wote. Utapata chumba cha kuelekea maji."

"Tena cha mbele kabisa, mama," mkwe akaongeza. "Karibu kuliko chetu."

Sikutaka. Lakini mtoto ninaye mmoja, na kumkatalia mbele ya mkewe kulinishinda. Nikasema twende tukaone.

Dalali alikuwa kijana wa manukato mengi na subira kidogo. Nyumba ya kwanza, maji yalionekana vizuri ukipanda juu ya tangi, ngazi unakuja nayo mwenyewe. Ya pili ilikuwa ufukweni kweli, ni ukuta wa hoteli tu uliosimama katikati. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ya bei yetu.

"Hii inaondoka leo," dalali akasema. "Kuna mteja anakuja saa nane."

Kila nyumba aliyotuonyesha ilikuwa na mteja wa saa nane. Nilimhurumia mtu yule, kutwa nzima yuko njiani.

Kuta zilikuwa na rangi mpya kutoka sakafuni mpaka usawa wa magoti, juu yake rangi ya zamani. Mtindo wa kisasa, tukaambiwa. Chumba changu kilikuwa chini ya sebule, unashuka ngazi, na kitanda kimeinuliwa juu ya matofali. "Ili bibi asipate taabu ya kuinama," dalali akasema. Nikakaa, miguu ikaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi. Maji yalikuwa kule mbali, yamelala. Mkwe wangu akaanza kupima dirisha kwa viganja, anatafuta pazia.

Karatasi ikatoka. Ilikuwa moja tu: nyumba yangu iende, hii ije. Dalali akafungua wino. "Weka dole gumba hapa, bibi, tumalize."

"Dole gumba la nini? Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu."

"Mama, weka tu," mwanangu akasema.

"Marehemu babu yako alinilipia karo miaka mitatu. Nisipoitumia leo, nitaitumia lini?"

Mwalimu wetu hakuruhusu jina liandikwe pasipo mistari. Nikaomba mistari, dalali akaichora kwa ukingo wa simu. Nikaomba pa kuandikia. Ikaletwa stuli, ikawekwa kitandani. Nikaomba miwani, iko garini; mkwe akaifuata, uso umemvimba. Jina langu likatoka vizuri, ila mkia wa herufi ya mwisho haukunipendeza, nikaurudia.

"Bibi, tunachelewa," dalali akasema, akitazama dirishani badala ya saa.

"Mteja wa saa nane atasubiri, baba. Si amezoea?"

Nikaandika jina la baba yangu, nikalipuliza likauke. Nilikuwa katikati ya jina la babu niliposikia mkwe wangu akisema, polepole kabisa, "Viatu vyangu."

Maji yaliingia chini ya mlango bila hodi, kama mwenye nyumba anayerudi kwake. Yakazunguka matofali ya kitanda. Yakaanza kuupanda ukuta, yakielekea pale rangi mpya ilipoishia.

"Ni leo tu," dalali akasema, akikunja suruali kwa wepesi wa mtu aliyeikunja mara nyingi. "Na kusema kweli, ufukwe gani wa karibu kuliko huu? Bei tunaweza kuzungumza."

Na mwanangu, nisimsingizie, akaifikiria hiyo bei. Nilimwona. Kisha akanitazama mimi, niko juu ya kitanda cha matofali, maji chini ya nyayo, kalamu mkononi.

"Umebakiza nini, mama?"

"Herufi tatu."

Akanitoa kalamu vidoleni. "Ziache."

Akanibeba mgongoni mpaka garini. Mkwe alitangulia, viatu mkononi. Mimi nikatazama maji vizuri, maana siku ile yalikuwa ya bure.

Wiki iliyofuata dalali akapiga simu: nyumba imeondoka. Mteja alikuja asubuhi, akaweka dole gumba, wakamaliza. Mwanangu, amekaa sebuleni kwangu, akashusha pumzi ndefu. Ya nafuu au ya wivu, sijui.

"Mteja huyo ana mama?" nikamwuliza.

"Sasa hilo nitalijuaje, mama? Kwa nini?"

"Kile chumba cha chini," nikasema. "Lazima kuna mtu ameahidiwa."